Siku 235 peke yake baharini, na somo kwa wasafiri wa Ziwa Kivu

Mvua inayonyesha kwenye milima ya Masisi ina njia mbili za kufika baharini. Ile ya upande wa Sake inaingia Ziwa Kivu, inashuka na Ruzizi hadi Tanganyika, kisha mto Lukuga unaipeleka Lualaba. Ile ya magharibi inafuata Osso, inaingia Lowa, mto wa Walikale, na kuikuta ya kwanza ndani ya Lualaba, kusini ya Ubundu. Toka hapo ni Kisangani, Kinshasa, Matadi, hadi Banana kwenye bahari ya Atlantika.

Bahari hiyo aliipita mwanamke wa Afrika ya Kusini, Kirsten Neuschäfer, peke yake ndani ya mashua ya tanga yenye urefu wa mita 11 hivi. Aliondoka Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, tarehe 4 mwezi wa tisa 2022 na washindani wengine 15. Alizunguka dunia, karibu kilomita 48,000, na kurudi palepale tarehe 27 mwezi wa ine 2023. Ni siku 235. Akawa mwanamke wa kwanza kushinda mbio za kuzunguka dunia ambamo kila mtu yuko peke yake.

Sheria za mbio hizo zinakataza GPS. Unapima jua na nyota kwa sekistanti, unachora njia kwenye karatasi, kama walivyofanya mwaka 1968. Usingizi ni wa vipande vipande. Wakati umelala, upepo wenyewe ndio unashika usukani, kupitia ubao mdogo uliofungwa nyuma ya mashua.

Lakini kuwa peke yako si kukosa msaada. Tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 2022, mshindani wake Tapio Lehtinen wa Ufini alikuta maji yanajaa ndani ya mashua yake, kusini-mashariki ya Afrika ya Kusini. Ilizama ndani ya dakika chache. Mzee huyo alikuwa na nguo ya kuelea, chelezo cha kujaza hewa, na kifaa kinachotuma ishara kwa satelaiti. Neuschäfer alikuwa mbali naye karibu kilomita 200. Aliacha mbio, akasafiri usiku kucha, na asubuhi akamtoa majini. Wakakunywa ramu kidogo, akamkabidhi kwa meli ya mizigo, kisha akapandisha tanga na kuendelea.

Mtu mmoja, katikati ya bahari, hakuna kisiwa karibu, na aliokolewa ndani ya siku moja.

Sasa tuangalie kwetu. Vita ilipofunga barabara ya Sake, wachuuzi waliotaka kufikisha chakula Goma walibaki na njia ya maji, toka Minova. Hawakuwa na nafasi ya kuchagua boti, tofauti na mtu wa mashindano anayejitayarisha miaka. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti Merdi iliondoka Minova imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Haikuhitaji kuvuka bahari, ni ziwa tu, safari ya masaa machache. Makumi ya watu walikufa. Ilikuwa imebakiza mita mia kadhaa kufika bandari ya Kituku, na watu waliokuwa kando ya maji waliiona ikipinduka.