Mbao bila mbao: namna mafundi wa maketi wanavyorudisha ndege za mwaka 1916

Tarehe 10 Juni 1916, ndege ya jeshi la Wabelgiji iliondoka upande wa Congo wa ziwa Tanganyika, ikavuka maji na kurusha mabomu juu ya bandari ya Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao kubwa, Graf von Götzen. Rubani aliitwa Aimé Behaeghe, na aliyeketi naye ni Collignon. Ndege yenyewe ilikuwa ya aina ya Short 827, kutoka Uingereza: kiunzi cha mbao, kitambaa kilichovutwa juu yake, na vielea vya kutulia majini.

Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe mwezi Julai mwaka huo. Baadaye Waingereza waliiibua, na hadi leo inajulikana kwa jina la Liemba. Lakini zile ndege nne zilizoletwa Tanganyika hazipo tena. Mbao ilioza, kitambaa kikachanika, na hakuna aliyefikiria kuziweka kwa ajili ya wajukuu.

Anayetaka kujua zilifanana na nini amebaki na picha za zamani zisizo na rangi, na maketi, yaani ndege ndogo za plastiki zinazotengenezwa kwa kufuata vipimo vya ndege halisi. Kwa wanaofanya kazi hiyo duniani, mtihani mgumu kwenye ndege za wakati ule ni mbao: namna ya kuifanya plastiki ionekane kama mti uliochongwa, ukapakwa vanishi na kupigwa na jua.

Mbao halisi haifai

Mtu anaweza kuuliza: kama ndege ilikuwa ya mbao, kwa nini maketi isitengenezwe kwa mbao? Jibu liko kwenye hesabu.

Mabawa ya Short 827 yalikuwa na urefu wa mita 16 na zaidi, kutoka ncha hadi ncha. Kwa kipimo cha 1/72, ambacho ni cha kawaida kwa maketi, yanakuwa sentimita 23 hivi. Hapo mstari wa mbao wenye upana wa milimita 1 ni sawa na mstari wa sentimita 7 kwenye ndege halisi. Hakuna seremala wa Bukavu wala wa Kisangani aliyewahi kupasua mti wenye mistari mipana hivyo.

Mti haupungui ukubwa pamoja na ndege. Nyuzi zake zinabaki zilivyo, na maketi iliyotengenezwa kwa mbao tupu inaonekana kama mchezo wa mtoto. Lakini upande wa pili nao una shida. Mistari ambayo kwenye ubao halisi iko milimita 2 kutoka mmoja hadi mwingine, kwa kipimo cha 1/72 ingekaribiana kiasi kwamba jicho lisingeiona kabisa. Ukifuata hesabu tu, unapaka rangi moja ya hudhurungi na kumaliza, na kila atakayeitazama ataona plastiki.

Kwa hiyo fundi anatafuta njia ya katikati: mistari hafifu, iliyo minene kidogo kuliko haki yake, lakini isiyopiga kelele. Anachofuata ni namna jicho linavyouona ubao ukiwa mbali.

Hatua kwa hatua

Njia inayotumiwa zaidi haihitaji mashine kubwa. Kwanza plastiki inapakwa rangi ya chini iliyo nyepesi, kama rangi ya maziwa yenye chai kidogo au ya mchanga mkavu. Rangi hii lazima ikauke vizuri, kwa sababu kinachokuja juu yake kina kiyeyushi.

Kisha inakuja rangi ya mafuta, ile ile ya tyubu inayotumiwa na wachoraji wa picha. Zinazopendwa ni rangi za udongo: hudhurungi iliyoiva, na ile nyekundu kidogo iliyopewa jina la mji wa Siena nchini Italia. Wengi huiweka kwanza juu ya kipande cha katoni ili karatasi inywe mafuta yaliyozidi. Bila hivyo, rangi huchelewa sana kukauka na kung'aa mahali pasipotakiwa.

Fundi anaweka nukta chache tu za rangi juu ya plastiki, halafu anazivuta kwa brashi kavu, ya zamani, yenye nywele ngumu zilizotawanyika. Brashi iliyochakaa ndiyo bora, kwa kuwa kila unywele unaacha mstari wake. Wengine hutumia kipande cha sponji. Mkono unakwenda upande mmoja tu, kufuata urefu wa ubao, ukitetemeka kidogo mahali ambapo mti ungekuwa na kifundo.

Uzuri wa rangi ya mafuta ni uvumilivu wake. Inabaki mbichi kwa saa nyingi, na asiyeridhika anaweza kuifuta yote kwa kiyeyushi na kuanza upya bila kuharibu rangi ya chini. Ubaya wake ni huo huo: inahitaji siku kadhaa kabla ya kuguswa, na wasio na subira huacha alama za vidole kwenye ubawa.

Ikishakauka, tabaka jembamba la rangi angavu ya manjano au ya chungwa hupulizwa juu yake. Hili ndilo vanishi la maketi. Linaunganisha rangi ya chini na mistari ya juu, na kutoa ule ujoto wa mbao iliyopakwa mafuta. Ming'ao hupunguzwa mwishoni, kwa sababu kitu kidogo kinachong'aa sana hurudisha jicho kwenye plastiki.

Tripleksi na helisi

Si kila ndege ilionyesha mbao kwa namna moja. Kwenye Short 827, kama kwenye ndege nyingi za Waingereza za wakati ule, kitambaa kilifunika sehemu kubwa, na mbao ilionekana kwenye nguzo kati ya mabawa na kwenye helisi. Kwenye Albatros D.III na D.V za Wajerumani, mwili mzima ulikuwa wa tripleksi, iliyogongwa misumari na kugundishwa juu ya kiunzi chepesi. Nyingi ziliachwa na vanishi tu, zikawa na rangi ya manjano kama ya majani makavu.

Hapo kazi inaongezeka. Kila karatasi ya tripleksi ilikatwa kutoka mti wake, kwa hiyo hazilingani rangi wala mwelekeo wa nyuzi. Fundi anafunika mwili wa ndege kwa skochi ya karatasi na kupaka kipande kimoja kimoja: kimoja cheusi kidogo, jirani yake cheupe kidogo. Akivuta mistari kutoka pua hadi mkia bila kukatiza, anakuwa amechora gogo lililochimbwa kama mtumbwi, na Albatros haikutengenezwa hivyo.

Helisi, lile panga linalozunguka mbele, ni mtihani mwingine. Haikuchongwa kutoka ubao mmoja, kwa maana ungejipinda na kupasuka. Mbao kadhaa ziligundishwa moja juu ya nyingine, mara nyingi za akaju au za mjozi, halafu zikachongwa hadi kupata umbo lililosokoteka. Kisu kinapokata tabaka hizo kwa mshazari, mistari inayotokea hujikunja kama mistari ya milima kwenye ramani. Mtengeneza maketi anayechora mistari iliyonyooka ameonyesha kwamba hakufikiria helisi ilivyozaliwa. Anayefaulu huanza na rangi nyepesi, hukata skochi vipande vyembamba na kuvipindisha kufuata umbo, kisha hupaka rangi nzito katikati yake.

Ilikuwa rangi gani hasa?

Picha za miaka ile hazisaidii sana. Filamu nyingi za wakati huo zilikamata vizuri mwanga wa buluu lakini hazikuhisi nyekundu, na manjano ilitoka nzito kuliko ilivyo. Mbao yenye vanishi ya manjano inaweza kuonekana nyeusi kwenye picha, na anga ya buluu ikaonekana nyeupe kama karatasi.

Makumbusho nayo yana mipaka. Albatros D.Va mbili zimehifadhiwa, moja Washington na nyingine Canberra, lakini vanishi huwa nzito kadiri miaka inavyopita. Nchini Uingereza, kwenye makumbusho ya Yeovilton, kuna mwili wa Short 184, ndugu wa zile ndege za Tanganyika, iliyobuniwa na kampuni ile ile. Iliruka kwenye vita vya baharini vya Jutland tarehe 31 Mei 1916, siku kumi tu kabla ya Behaeghe kwenda Kigoma. Mabaki hayo hayakutengenezwa yakawa mapya. Yamevunjika na kuzeeka, na ndiyo maana mafundi huyatazama kwa makini: yanaonyesha mbao ilikatwa na kufungwa vipi, hata kama rangi ya siku ya kwanza imepotea.

Mbao ya kiwandani na mbao ya ziwani

Swali linalobaki ni la hali ya hewa. Maketi nyingi huonyesha mbao safi, kama vile ndege imetoka kiwandani asubuhi hiyo. Lakini ndege za Tanganyika zilisafiri kwa meli kutoka Ulaya, kisha kwa treni na mashua kuvuka Congo hadi ziwani. Zikafungwa pamoja tena kwenye kambi iliyokuwa karibu na Mtoa, zikaachwa juani na majini.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenye mto Rufiji upande wa Tanzania ya leo, ndege za maji za Waingereza zilizotumwa kuitafuta meli ya Kijerumani Königsberg zilisumbuliwa vibaya na joto na unyevu. Gundi ililegea na mbao ikajipinda. Ndege iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari baridi ya kaskazini ilikuwa inakufa polepole katika nchi za joto hata kabla ya kupigwa risasi.

Fundi mwangalifu huonyesha hayo. Kielea kinakuwa na rangi nzito chini ya mstari wa maji. Vanishi inapauka upande wa juu unaotazama jua. Vidole vya mafundi vinaacha uchafu kwenye nguzo ambazo kila mtu alizishika. Haya hufanywa kwa rangi ile ile ya mafuta, ikiwa imeongezewa kiyeyushi hadi iwe kama maji machafu.

Behaeghe mwenyewe hakurudi kwao. Alikufa huko Niangara, kaskazini mashariki mwa Congo, mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1916, na jina lake limeandikwa vitabuni. Wapagazi wa Congo waliobeba mizigo ya vita ile, na ambao wengi wao walikufa njiani, kwa sehemu kubwa hawana majina popote. Maketi haiwezi kuwarudisha. Lakini iliyopakwa kwa kufikiri inamlazimisha mtazamaji kuuliza ndege ya mbao kutoka Uingereza ilifikaje Tanganyika, na ni mabega ya nani yaliyoisogeza.

Kwa kijana wa Kalemie au Lubumbashi aliyezoea kutengeneza magari ya waya na makopo, vifaa vya kuanzia si vingi: tyubu mbili za rangi ya mafuta, brashi iliyochakaa, katoni, na kipande cha plastiki cha kujifunzia. Mazoezi ya kwanza hayahitaji hata ndege. Inatosha kusimama hatua tano kutoka mlango wa mbao wa nyumbani, kuutazama vizuri, na kujaribu kuupaka kwenye kijiko cha plastiki.