Orodha ya Barua Pepe Chuoni: Mambo Matatu ya Kuamua Kwanza

Juma lililopita tulijifunza namna ya kuandika barua pepe na kuipeleka kwa mtu mmoja. Leo twaendelea hatua moja mbele: namna ya kupeleka barua moja kwa watu mia tatu bila ya kuandika anwani mia tatu. Somo hili lawahusu hasa makarani, walimu na viongozi wa wanafunzi katika vyuo vikuu, walakini hata katibu wa chama cha ushirika atapata la kumfaa.

Na tuanze na jambo mnalolijua. Mkuu wa idara akitaka kuwapa walimu wake habari, desturi ilikuwa kumwita tarishi na kumpa waraka pamoja na daftari. Tarishi alipita mlango kwa mlango. Kila mtu alisoma, akatia sahihi, tarishi akaenda zake mlango wa pili. Sasa fikiri tarishi asiyechoka wala kulala, awezaye kugonga milango elfu kwa dakika chache. Tarishi huyo ndiye programu ya orodha. Makao yake ni katika kompyuta kuu ya chuo, na daftari lake lina anwani za wanachama wote. Orodha yenyewe ina anwani yake, kama mtu alivyo na yake. Ukiiandikia anwani hiyo moja, programu huipokea barua, hufungua daftari, kisha hupeleka nakala kwa kila aliyeandikwa humo.

Kazi hii hapo kwanza ilifanywa kwa mikono ya watu. Mwaka 1981, huko Marekani, City University of New York na Yale viliunganisha kompyuta zao, na mtandao huo ukaitwa BITNET. Baadaye vyuo vingine vingi vilijiunga. Orodha za barua zilipoanza katika mtandao huo, aliyetaka kuingia ilimbidi amwandikie karani, naye karani akaongeza jina lake. Orodha zilipokuwa nyingi kazi iliwalemea, na watu wakawa wanangoja siku nyingi. Mmoja wa waliochoshwa na kungoja huko alikuwa Éric Thomas, mwanafunzi wa uhandisi mjini Paris. Mwaka 1986 aliandika programu ambayo mtu huweza kuipelekea amri kwa barua, nayo ikamwandikisha yenyewe. Programu hiyo, LISTSERV, ingali ikitumika katika vyuo vikuu. Nyingine mtakazozikuta ni Mailman, itolewayo bure, na Sympa, iliyoanzia Ufaransa.

Basi, wewe uliyeambiwa na mkuu wako, "Tutengenezee orodha ya idara," utaanzia wapi? Usianze na kompyuta. Nenda kwanza katika ofisi ya kompyuta ya chuo chako, uulize wana programu gani. Wao ndio watakaoifungua orodha; wewe utapewa neno la siri na cheo cha msimamizi. Lakini kabla hujaenda, chukua karatasi ujibu maswali matatu. Tarishi huyu ni mtiifu mno, naye hufanya lile aliloamriwa, hata likiwa la kukuaibisha.

Swali la kwanza: Nani ataingia, na kwa njia gani? Orodha ya darasa huandikishwa na chuo chenyewe, maana kila mwanafunzi yampasa kupata habari za mtihani. Lakini orodha ya mazungumzo, kama ile ya wapenda historia, yafaa iwe ya hiari. Hapo mtu hujiandikisha mwenyewe, na programu humpelekea barua ya kumwuliza: Je, ni wewe kweli uliyeomba? Asipojibu, haingizwi. Usiiondoe kinga hiyo kwa kuona kwamba inakawiza kazi. Pasipo hiyo, mtu mwenye hila aweza kuandika anwani ya adui yake katika orodha ishirini, na asubuhi maskini huyo akakuta barua mia asizozitaka.

Swali la pili: Nani ataruhusiwa kusema? Ziko orodha za namna mbili. Orodha ya matangazo ni kama mbiu ya mgambo: mmoja apiga, wengine wasikiliza. Orodha ya mazungumzo ni kama baraza, ambapo kila mwanachama aweza kusema. Ole wake achanganyaye hizo mbili! Mwezi wa Novemba 2012, ofisi moja ya Chuo Kikuu cha New York iliwaandikia wanafunzi karibu 40,000 habari za karatasi za kodi. Ilikuwa barua ya matangazo, lakini orodha iliyotumika ilimruhusu kila mtu kusema. Mwanafunzi mmoja alitaka kumwuliza mama yake la kufanya, akabonyeza pasipo pake, na swali lake likawafikia wote. Hapo wenzake waligundua kwamba kila mmoja wao aweza kusema na chuo kizima. Yakamiminika maskhara na maswali ya kipuuzi, na wengine wakawaandikia watu wale wale 40,000 kuwaomba waache kuandika! Kijana yule hana kosa kubwa. Mlango uliachwa wazi na wenye nyumba.

Kwa hiyo, ikiwa orodha yako ni ya matangazo, iamuru programu izuie barua za wote isipokuwa za watu wawili au watatu uliowataja. Barua ya mwingine ikija, itawekwa kando mpaka wewe msimamizi uisome na kuamua ipite au irudi.

Swali la tatu: Jibu la mtu liende wapi? Hili ndilo dogo kwa kulitazama, nalo ndilo liumizalo zaidi. Mwanachama akisoma barua kisha akabonyeza "jibu", programu yaweza kuamriwa jibu liende kwa aliyeandika peke yake, au liende kwa orodha nzima. Katika chuo kimoja nilichopata kukitembelea kikazi, jibu lilikuwa limeamriwa kwenda kwa wote, na hapana aliyewaambia wanachama. Mkuu wa idara alitangaza siku ya mkutano. Mwalimu mmoja akamjibu kuomba ruhusa, akaeleza kwa urefu ugonjwa wa mkewe na deni alilokuwa nalo hospitali. Alidhani amemnong'oneza mkuu wake sikioni, kumbe amesema mbele ya idara nzima. Nilimwona siku ile akipita ukumbini macho chini. Barua iliyokwisha kwenda hairudi, ndugu zangu, hata msimamizi akeshe akiitafuta.

Watengenezaji wa Mailman wenyewe hushauri kwamba katika orodha nyingi jibu liende kwa aliyeandika tu. Shika shauri hilo. Pima hasara mwenyewe: jibu la wote likienda kwa mmoja, mtu atalipeleka tena, siri ya mmoja ikienda kwa wote, hakuna dawa. Na kama kundi lako lataka mazungumzo ya wote, vema, lakini lisemwe wazi katika barua ya kwanza ya kuwakaribisha.

Mkisha kuamua hayo matatu, yaliyobaki ni mepesi. Ipe orodha jina fupi lielewekalo. Mfanye na mwenzako awe msimamizi, ili ukiugua kazi isisimame. Programu huweza kutunza nakala za barua zote. Amua kama nakala hizo zitasomwa na wanachama tu au na dunia nzima, kisha uwaambie watu kabla hawajaandika. Halafu fanya jaribio: waandikishe watu watatu, pelekeni barua, jibuni, mtazame majibu yamekwenda wapi. Msiingize mia tatu kabla ya hapo.

Jambo la mwisho ni mlango wa kutokea. Wageni wengi hukosea hapa. Orodha ina anwani moja ya kuzungumza na watu, na nyingine ya kumwagiza tarishi mambo kama kuingia na kutoka. Atakaye kutoka akiiandikia ile ya watu, programu itawapelekea wote maneno yake, "Nitoeni!", naye atabaki ndani vile vile. Kwa hiyo andika njia ya kutoka chini ya kila barua. Programu itakufanyia hivyo ukiiamuru mara moja tu. Na kila juma tazama barua zilizozuiwa, na zile zilizorudi kwa sababu anwani zimekufa.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi:

1. Chama chenu kikifungua orodha, itakuwa ya matangazo au ya baraza? Toeni sababu.

2. Yafaa kumwandikisha mtu bila ya idhini yake? Ni wakati gani yafaa, na ni wakati gani haifai?

3. Andikeni barua fupi ya kumkaribisha mwanachama mpya, yenye kumweleza jibu lake litakwenda wapi, nani atasoma nakala, na namna ya kutoka.

Lileteni jibu la swali la tatu katika somo lijalo, maana tutaanza na hilo. Mpaka juma lijalo, kwaherini.