Lubumbashi: Jina la wifi limefichwa, lakini giga zinaendelea kuisha

Modemu ya mama huyu iko juu ya kabati la televisheni, chini ya kitambaa cha kufuma alichoifunika nacho ili vumbi lisiingie. Tuko kartye Bel-Air, komini ya Kampemba, katika parsele yenye nyumba kubwa ya mwenye mali na vyumba vitatu vya wapangaji nyuma yake. Kila mwanzo wa mwezi mama analipa dola 40 kwa giga za nyumba nzima. Mtoto mmoja anasoma chuo kikuu, mwingine anachora mabango kwenye kompyuta, na yeye mwenyewe anauza vitambaa kwa njia ya WhatsApp. Tangu mwaka huu uanze, giga hazifiki tena tarehe 20.

“Mtoto wa dada yangu ndiye aliniambia tufiche jina,” anasema. “Alisema: tantini, wakikosa kuliona hawataingia. Nikaona ni jambo la akili. Mwizi ataingiaje katika nyumba asiyoiona?”

Jina likafichwa mwezi wa tatu. Mwezi wa nne giga zikaisha tarehe 19.

Ushauri huo wa kuficha jina unazunguka sana mjini kwetu. Nimeusikia kwa wanafunzi, kwa wenye maduka, hata kwa mfanyakazi aliyekuja kuniwekea intaneti nyumbani, ambaye aliniuliza kama ninataka aifiche “kwa usalama”. Nilimjibu ndiyo. Nilikaa hivyo zaidi ya mwaka mzima nikijiona nimefunga mlango, na ninaandika habari hii nikiwa mmoja wa waliodanganyika.

Kwanza, jina lenyewe ni nini? Modemu hujitangaza hewani bila kupumzika. Karibu mara 10 kwa kila sekunde inatoa ishara fupi inayosema: niko hapa, naitwa fulani, ninatumia ulinzi wa aina fulani. Jina hilo, lisilozidi herufi 32, ndilo unaloliona kwenye orodha ya simu yako unapotafuta wifi. Ukichagua kulificha, ishara hazikomi. Zinaendelea kutoka kama kawaida, ila mahali pa jina panaachwa patupu. Simu ya jirani bado inaona kwamba pana modemu, inaona nguvu ya mawimbi yake na aina ya ulinzi wake. Simu na kompyuta nyingine huandika wazi kwenye orodha kwamba kuna mtandao uliofichwa, na hapo mtu asiyekuwa na haja nao anaanza kujiuliza kuna nini.

Kisha kuna simu zako mwenyewe. Ili iingie, simu inapaswa kuita modemu kwa jina, na wito huo hupita hewani bila kufungwa kwa siri yoyote. Modemu nayo hujibu kwa jina. Ni kama kung'oa kibao kwenye lango la parsele, halafu kila mtoto anayerudi kutoka shule asimame barabarani na kupiga kelele jina la baba yake ndipo afunguliwe.

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Fundi mmoja wa kompyuta, mwenye kibanda karibu na soko la Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si nchi), alikubali kuja na laptop yake, na mama akatoa ruhusa kwa sababu ni modemu yake mwenyewe. Programu aliyoifungua fundi ni ya bure na kazi yake ni kusikiliza tu. Mwanzoni tuliona mistari mingi ya modemu za majirani, na katikati mstari mmoja usio na jina. Sote tulijua ni wa nani. Fundi hakugusa kitu. Tulikaa tukinywa chai. Binti wa mama akarudi kutoka dukani, simu ikiwa mfukoni, na kabla hajaketi ule mstari mtupu ukajaa: jina la familia, neno “avenyu” na namba ya parsele. Mama alicheka kidogo, kisha akanyamaza.

Fundi akaeleza kwamba mwenye haraka hana haja ya kungoja mtu arudi nyumbani. Anaweza kutuma ishara ya uongo inayoiambia simu kwamba imeachishwa na modemu. Simu inakatika, inarudi mbio, na katika kurudi inataja jina. Hilo hakulifanya, na mimi sikumwomba.

Jaribio la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Niliuweka mtandao ule wa mama kwenye simu yangu, tukapanda gari hadi kibandani kwa fundi, mbali kabisa na Bel-Air. Pale sokoni, katikati ya wauza makayabo na muziki wa spika, laptop yake ilionyesha simu yangu inauliza hewani: je, familia fulani ya avenyu fulani, namba fulani, uko hapa? Baada ya muda ikauliza tena.

Sababu yake si ngumu. Mtandao unaojitangaza, simu inaweza kungoja mpaka iusikie. Mtandao uliofichwa hausikiki, hivyo simu inalazimika kuuita kila inapokwenda: katika teksi-basi, kanisani, hospitalini, kwenye foleni ya benki. Yaani umelificha jina ndani ya ukuta wa parsele, kisha ukampa kila mtu wa nyumbani kazi ya kulitembeza mjini. Apple, kampuni inayotengeneza iPhone, katika mapendekezo yake kwa wenye modemu inasema waziwazi kwamba kuficha jina hakuufichi mtandao wala hakuulindi, na simu zake humpa mtumiaji onyo anapojiunga na mtandao wa namna hiyo.

Na jina likishajulikana, laweza kuelekeza mtu hadi mlangoni. Tangu mwaka 2001 kuna tovuti inayoitwa WiGLE, ambako watu wa kujitolea duniani hupeleka majina ya mitandao ya wifi pamoja na mahali walipoyakuta. Imekwisha kukusanya zaidi ya bilioni moja. Lakini kwa jina kama la mama huyu, tovuti haihitajiki hata kidogo, maana anwani imo ndani ya jina. Binti yake anarudi jioni peke yake kutoka chuo. Mtu aliyekaa nyuma yake kwenye basi akiwa na kompyuta begani anaweza kujua anakolala bila kumuuliza neno.

Ushauri huu mbaya una historia yake. Wifi ilipoanza, ulinzi wake wa kwanza, WEP, wa mwaka 1997, ulikuwa dhaifu. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba unavunjika. Watu wakatafuta chochote cha kujikinga nacho, na kuficha jina kulikuwa kitufe cha karibu. WPA ikaja mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, WPA3 mwaka 2018. Ulinzi ukabadilika, ila ushauri ukabaki vilevile. Waliounda kurasa za modemu nao hawakusaidia: kwenye modemu nyingi kitufe hicho kimewekwa palepale panapowekwa nenosiri, na anayekikuta hapo anakihesabu kuwa kufuli.

Kufuli ni nenosiri. Hapo ndipo fundi alipoanza kukasirika, si kwa mama tu, kwa sisi sote. Nenosiri la mama lilikuwa namba yake ya simu. La kwangu, nakiri, lilikuwa hivyo pia. Hebu tuhesabu. Namba ya simu ya Kongo ina tarakimu 10, lakini tatu za mwanzo zinajulikana na kila mtu: 099, 097, 081, 082, 084 na nyingine chache. Zinabaki saba, yaani namba milioni 10 kwa kila mwanzo. Kwa binadamu ni nyingi. Kwa kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro ni kazi ya muda mfupi. Tena mwizi hakai nje ya lango akijaribu moja moja. Katika WPA2 anarekodi mara moja tu maneno ambayo simu na modemu hubadilishana wakati wa kuunganishwa, anakwenda kwake, na kompyuta yake inabahatisha usiku kucha bila modemu yako kujua lolote. WPA3 ililetwa, pamoja na mambo mengine, kuziba tundu hilo: anayebahatisha lazima ajaribu mbele ya modemu. Ikiwa modemu na simu zako zinaikubali, ichague. Kama sivyo, WPA2 yenye nenosiri refu bado inatosha nyumba ya kawaida. Nenosiri linaruhusiwa kufika herufi 63. Maneno manne au matano yasiyohusiana, ya Kiswahili, ya Kiluba, ya Kibemba, ya lugha ya bibi yako, yakiunganishwa yatamchosha mwizi kuliko tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wa kwanza.

Hata jina lina kazi yake hapa, ila si ile tunayoidhani. Modemu huchanganya nenosiri na jina la mtandao, mara 4,096, ili kupata ufunguo wa kweli. Kwa hiyo kwa majina yanayojirudia duniani kote, yale yanayotoka kiwandani, wavunjaji walikwisha kutengeneza orodha za funguo mapema. Jina la kwako peke yako linaziondolea orodha hizo faida, na halitangazi modemu yako ni ya kiwanda gani. Lisiwe tu jina la familia, wala avenyu, wala namba ya nyumba.

Kitufe cha WPS, kile cha kuunganisha bila kuandika nenosiri, kizimwe. Tangu mwisho wa mwaka 2011 inajulikana kwamba namba yake ya tarakimu 8 hukaguliwa vipande viwili, hivyo mwizi anahitaji majaribio 11,000 tu, si milioni 100. Na ukurasa wa ndani wa modemu, unaofunguliwa kwa namba kama 192.168.1.1, usiachwe na “admin” kama jina na “admin” kama nenosiri. Kwa mama vyote viwili vilikuwa hivyo.

Tulipoufungua ukurasa huo, ndipo siri ya giga ilipotoka. Mama alihesabu vidoleni vyombo vya nyumba yake: simu nne, kompyuta mbili, televisheni. Saba. Orodha ya modemu ilionyesha 16.

Hakuna aliyevunja chochote. Kijana wa mpangaji mmoja alipewa nenosiri mwaka jana, siku ya mtihani, kwa wema wa mama. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni zinaweza kugeuza mtandao uliohifadhiwa kuwa mraba wa nukta nyeusi, mwingine akaupiga foto na kuingia. Mraba huo unabeba kila kitu, jina lililofichwa na nenosiri pamoja. Ukatoka kwa kijana hadi kwa rafiki zake wa parsele ya pili, kutoka kwao sijui hadi wapi. Mama alipolificha jina, wote hao walikuwa tayari ndani.

Hili si jambo la giga peke yake. Tangu amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, Kongo ina Kanuni ya Dijitali inayoadhibu anayeingia bila ruhusa katika mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine. Lakini mmoja wa hao tisa akitapeli watu kwa kutumia wifi ya mama, wachunguzi watakachokiona kwanza ni laini iliyoandikishwa kwa jina la mama. Ndiye atakayeitwa kujieleza.

Kwa haki, kuficha jina kulimpa mama kitu kimoja: amani. Mgeni aliyeketi sebuleni hakuona jina, hakuomba. Kumnyima mtu wifi katika parsele ya pamoja ni kazi ngumu kuliko kumnyima chumvi, na ninashuku wengi wanaoficha wanawakwepa waombaji kuliko wezi. Kwa shida hiyo kuna njia iliyo bora. Modemu yake, kama nyingi za sasa, inaweza kufungua mtandao wa pili wa wageni, wenye nenosiri lake, ambao mwenye nyumba anauzima akitaka.

Jumamosi hiyo hiyo jina la zamani lilifutwa, jipya likawekwa, wazi, la ndege ambaye sitamtaja. Nenosiri la maneno matano liliandikwa kwenye daftari la vitambaa. Jioni wapangaji wakaitwa uani. Waliposikia hesabu ya vyombo 16, kila mmoja alimtazama mwenzake, na yule kijana akatazama chini. Hakugombezwa mbele za watu. Mtandao wa wageni ukafunguliwa kwa wapangaji, kila chumba kichangie kidogo mwanzoni mwa mwezi, na asiyechanga nenosiri litabadilishwa bila yeye kuambiwa.

Nilimpigia mama simu tarehe 27 ya mwezi uliofuata. Giga zilikuwa bado zipo. Agizo moja tu la fundi alikuwa hajalitii: kuondoa kile kitambaa juu ya modemu, maana kinaizuia kupoa. “Hiyo hapana,” alisema. “Vumbi la Bel-Air unalijua.”