Theluji ya Kibo haina mchezo

Kila mwaka ifikapo Desemba televisheni hutuonyesha watu wa nchi za baridi wakiteremka milima ya theluji kwa kasi ya gari, miguu yao imefungwa kwenye mbao mbili nyembamba. Na karibu kila mwaka kijana mmoja au mwingine huniuliza: sisi nasi tuna mlima wenye theluji, tena maarufu dunia nzima, mbona hatuoni watu wakiteleza Kilimanjaro? Wenzake humcheka. Mimi naona swali hilo lina maana, kwa sababu jibu lake linatufikisha kwenye jambo ambalo kila mwaka hugharimu uhai wa watu pale pale kwetu.

Tuanze na mbao zenyewe. Huitwa skii. Ni ndefu, zimepinda mbele kama ncha ya mtumbwi, na kazi yake ni kugawa uzito wa mtu ili asizame katika theluji laini. Wengi huteleza mahali ambapo mashine za kamba huwapandisha mpaka juu, na wao kazi yao ni kushuka tu. Lakini wako wengine ambao huiacha mashine, wakaenda milima isiyo na barabara wala hoteli, wakapanda kwa miguu yao wenyewe. Hao hubandika chini ya skii utepe wenye manyoya yaliyolala kuelekea nyuma. Skii ikisukumwa mbele, manyoya hulala na skii huteleza. Ikitaka kurudi nyuma, manyoya husimama na kuikamata theluji. Zamani utepe huo ulikuwa ngozi ya sili, mnyama wa baharini. Siku hizi hutengenezwa kwa nailoni au manyoya ya mbuzi. Kisigino huachwa huru wakati wa kupanda, na hufungwa wakati wa kushuka. Saa sita za kupanda huweza kulipwa kwa nusu saa ya kuteremka.

Mfano mzuri ni mlima Rainier, katika jimbo la Washington, Marekani. Kama Kilimanjaro, nao ni volkano iliyosimama peke yake, yenye kimo cha meta 4,392. Lakini upande wake wa kusini, mahali paitwapo Paradise, huanguka theluji ya zaidi ya meta 15 kwa mwaka wa kawaida. Katika msimu wa 1971 hadi 1972 ilipimwa theluji ya zaidi ya meta 28. Hebu fikiria ghorofa tisa za nyumba. Ndiyo maana mlima ule umepandwa na kuteremkwa kwa skii tangu miaka ya 1930.

Wala msidhani kuwa ni starehe tupu. Theluji hulala kwa matabaka kama mikeka iliyopangwa, na tabaka moja likiwa dhaifu, uzito wa mtu mmoja hutosha kuliachia lile la juu liporomoke lote. Aliyefukiwa ana dakika chache tu kabla pumzi haijamwishia, kwa hiyo watu hawa hutembea na kijiredio kifuani, koleo na fimbo ndefu ya kuchokolea, ili mwenzao akifukiwa wamfukue wenyewe. Msaada kutoka bondeni hufika umechelewa. Chini ya theluji kuna nyufa za barafu zenye kina cha kummeza mtu na mzigo wake. Na mwezi Juni 1981, pale pale Rainier, pande la barafu lilikatika na kuwaua wapandaji 11 kwa mara moja. Mlima wa theluji, hata kwa waliozaliwa katika theluji, hauna mchezo.

Sasa turudi Kibo. Je, hakuna aliyewahi kuteleza kwetu? Yupo. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii zao. Barafu moja iliyoko karibu na kilele mpaka leo huitwa kwa jina la Furtwängler. Kwa hiyo jambo hilo linawezekana. Lakini halikugeuka mchezo wa watu, na sababu zake ni za maumbile.

Kwanza, ule weupe tunaouona kutoka Moshi si wote theluji. Sehemu kubwa ni barafu ngumu ya kale, nyingine ikiwa imesimama wima kama ukuta wa boma. Juu ya ukuta huwezi kuteleza. Waweza kuanguka tu. Pili, theluji mpya huanguka zaidi nyakati za mvua za masika na vuli, lakini ni chache. Mawingu humwaga mvua yao nyingi katika msitu ulioko chini, na yanayofika kileleni yamekwisha kukamuliwa. Tatu, jua letu la ikweta huipiga theluji hiyo moja kwa moja, nayo nyingi hugeuka mvuke hata kabla ya kuwa maji. Theluji ya jumatatu, jumamosi huikuti. Kinachobaki ni changarawe ya volkano, ambayo ukipiga hatua moja mbele hukurudisha nusu hatua nyuma.

Hata jina la theluji lilitupa tabu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe ule, akamuuliza kiongozi wa msafara ni kitu gani. Kiongozi akamjibu kwa neno moja: baridi. Wataalamu wa London walimbishia Rebmann kwa miaka, wakisema theluji haiwezi kuwapo ikweta. Kumbe yule kiongozi wetu, asiye na kitabu wala darubini, alikuwa amekwisha kusema lililo kweli.

Na baridi hiyo sasa inatuondokea. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kama kilometa 12 za mraba. Ilipopimwa mwaka 2007, asilimia 85 ya eneo hilo ilikuwa imetoweka. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa taarifa kwamba barafu ya milima ya Afrika, pamoja na hii yetu, huenda ikaisha kabisa ifikapo 2050. Mtoto anayezaliwa mwaka huu atawasimulia wanawe habari za weupe ambao wao hawatauona. Tena barafu inapoondoka huacha mawe yaliyokuwa yameshikiliwa nayo. Januari 2006 mawe yaliporomoka katika njia ya upande wa magharibi, ile ipitayo penye barafu ya Arrow, yakawaua wapandaji watatu kutoka Marekani.

Lakini, ndugu wasikilizaji, hatari kubwa ya Kilimanjaro haimo katika theluji, wala katika mawe. Imo katika kitu tusichokiona: hewa.

Watu husema juu mlimani oksijeni ni kidogo. Sehemu yake katika hewa ni ile ile, karibu asilimia 21, Dar es Salaam na kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe. Pale Uhuru, meta 5,895, mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani. Kila pumzi unayovuta ni kama nusu pumzi. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo kwa kiasi, kwa kuvuta pumzi nyingi zaidi na kuibadili damu pole pole, lakini hutaka siku. Ukiunyima siku, unaumwa.

Tufanye hesabu ya njia ya Marangu. Lango liko karibu meta 1,900. Usiku wa kwanza mtu hulala Mandara, kama meta 2,700. Usiku wa pili Horombo, kama meta 3,700. Siku ya tatu yuko Kibanda cha Kibo, kama meta 4,700, na usiku huo huo wa manane anaamshwa kwenda kileleni. Yaani kwa muda usiofika siku tatu kamili amepanda meta 4,000. Na madaktari wa milimani wanasema nini? Wanasema ukishapita meta 3,000, mahali unapolala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya meta 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Kutoka Horombo kwenda Kibo ni meta 1,000 kwa siku moja. Ni mara mbili ya kipimo.

Ndiyo maana safari ya siku tano, ambayo ndiyo ya bei nafuu, ndiyo inayoangusha wengi. Anayeongeza usiku mmoja Horombo, akatembea mchana mpaka penye Mawe ya Pundamilia kisha akarudi kulala chini, ameupa mwili wake nafasi. Wapandaji wana kanuni yao: panda juu, lala chini. Na neno ambalo kila mgeni huondoka nalo, pole pole, si salamu ya kupendezesha watalii. Ni dawa.

Ugonjwa wa mlima huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi na kuchukia chakula. Hapo mtu asipande zaidi mpaka apate nafuu. Ukizidi, huchukua njia mbili. Njia ya kwanza ni maji kuingia mapafuni: mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, makohozi yana povu. Njia ya pili ni ubongo kuvimba: mtu anapepesuka kama mlevi, anasema maneno yasiyoshikamana. Mwambie atembee juu ya mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole; akishindwa, jibu mmelipata. Dawa zipo, na oksijeni husaidia kwa muda, lakini tiba yenyewe ni moja tu: kushuka. Kushuka mara moja, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana.

Na hapa ndipo kiburi kinapoua. Vijana wenye nguvu hudhani ugonjwa huu ni wa wazee na wanene. Si hivyo. Misuli haikukingi. Mkimbiaji hodari huweza kuanguka akapitwa na bibi wa miaka 60 aliyekwenda taratibu. Wengi huficha maumivu ili wasionekane dhaifu mbele ya wenzao, au kwa sababu wamelipa fedha nyingi. Kilele hakiendi popote. Kimekuwapo kabla ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kukifikia mwaka 1889, na kilikuwapo usiku ule wa tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda alipopandisha Mwenge na bendera. Na wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kufika juu ni nusu ya safari. Ajali nyingi humkuta mtu akiwa amechoka, anarudi.

Wako pia watu ambao hatuwasemi. Mgeni mmoja anapokwenda Kibo, nyuma yake kuna wapagazi waliobeba hema, chakula, gesi na viti. Nimepata kusimama langoni Marangu asubuhi, nikitazama mizigo ikipimwa. Kanuni ya hifadhi inasema mzigo usizidi kilo 20. Mizani ikishapita, macho ya wakubwa nayo hupita. Nimewaona vijana wamevaa raba zilizochakaa na sweta moja, wakielekea mahali ambapo usiku joto hushuka chini ya sifuri. Watu hudhani kwamba kwa kuwa amezaliwa Marangu au Machame, mlima hauwezi kumdhuru. Kijiji chake kiko meta 1,500 tu. Mapafu yake ni sawa na ya mtalii, ila yeye hana koti la mtalii wala bima ya mtalii, na akisema kichwa kinamuuma anaogopa kukosa kazi safari ijayo.

Siku hizi si wageni peke yao wanaopanda. Wafanyakazi wa mabenki, wanafunzi na vikundi vya jumuiya kutoka mijini wanakwenda, hasa kuadhimisha Siku ya Uhuru, na mimi nafurahi, maana mlima ni wetu. Lakini mtu wa Dar es Salaam ambaye jumatatu alikuwa usawa wa bahari, jumanne akalala Moshi, jumamosi alfajiri anataka kuwa kileleni, anacheza na roho yake.

Kwa hiyo wewe unayekusudia kwenda, kabla ya kuuliza bei, uliza maswali manne. Ni siku ngapi? Ikiwa tano, lipia ya sita. Kiongozi ana oksijeni, na anajua kuitumia? Nani mwenye amri ya kumrudisha mgonjwa, na je, fedha za mteja zinaweza kuibatilisha amri hiyo? Na la nne: wapagazi wanalala wapi, wanakula nini, wamevaa nini? Kampuni inayojikunja kwa maswali hayo ina bei nafuu kwa sababu kuna mtu mwingine anayeilipia, kwa afya yake.

Na yule kijana aliyeuliza juu ya skii namjibu hivi: theluji yetu ni chache mno kwa mchezo, na inazidi kupungua. Nenda ukaione ingali ipo. Nenda na siku za kutosha, nenda na nguo za kutosha, na hakikisha anayekubebea mzigo naye anazo.