Waya wa ethi kabla ya mpira: Mafuta yanavyoshushwa Nchelenge

NCHELENGE, Zambia

Lori la mafuta linapofika Nchelenge limeshafuata bonde la mto Luapula kutoka Mansa, likapita Mwense na Mwansabombwe, na mbele yake kuna maji ya Ziwa Mweru. Ng'ambo ni Kilwa na Pweto, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Petroli inayoshushwa hapa na katika mji jirani wa Kashikishi ndiyo inayosukuma boti za wanunuzi wa samaki na chisense, na nyingine huvuka ziwa ndani ya madumu na mapipa.

Dereva akishazima injini, watu huhisi safari imekwisha. Kwa upande wa umeme, ndipo kazi inapoanza.

Mafuta hayahitaji kiberiti cha mtu. Yanapokimbia ndani ya bomba, yakapita kwenye chujio au kudondoka kutoka juu na kurusha matone, hujichaji umeme tuli. Petroli, dizeli na mafuta ya taa hupitisha umeme kwa shida sana, kwa hiyo chaji hiyo haiondoki upesi. Lori nalo limesimama juu ya matairi ya mpira, yasiyo njia ya kutegemewa ya kuufikisha umeme ardhini. Chuma cha lori kikikaribia chuma cha tangi la kituo huku vina chaji tofauti, cheche huruka. Inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutoonekana mchana, na bado ikatosha kuwasha mvuke wa petroli.

Ndiyo maana utaratibu una mpangilio wake: injini huzimwa pale mafuta yanaposhuka yenyewe bila pampu ya lori, swichi kuu ya betri hukatwa, kisha waya wa ethi hufungwa kwenye chuma kitupu, si juu ya rangi wala kutu. Baada ya hapo mpira huunganishwa, na vali hufunguliwa mwisho. Wakati wa kumaliza, mambo hugeuzwa: vali kwanza, mpira, na waya ndio wa mwisho kutoka. Dereva anayeunganisha mpira kwanza "ili kuokoa muda" hajaokoa kitu, maana cheche inayoogopwa hutokea pale pale vyuma vinapogusana.

Ufukwe wa Mweru una shida yake ya pekee, nayo ni mchanga. Mchanga mkavu ni njia mbovu ya umeme. Fimbo ya ethi iliyochomekwa kidogo juu juu wakati wa kiangazi huonekana kama kinga na isiwe kinga. Huzamishwa mpaka kwenye udongo wenye unyevu, na kumwagiwa maji pembeni husaidia. Muhimu zaidi ni waya unaounganisha lori na tangi linalopokea, ili vyote viwe na chaji moja hata ardhi ikiwa mbaya.

Kosa jingine hufanyika mbali na ziwa, kwenye kupakia. Lori lililotoka kubeba petroli likipakiwa dizeli, madereva wengine hupumua kwa kuwa dizeli si kali. Kumbe huo ndio upakiaji wa kuogopwa zaidi. Mvuke wa petroli hushika moto ukiwa takriban kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Ndani ya tangi la petroli mvuke huwa mwingi kupita kiwango hicho. Dizeli ikiingia huunyonya, kiwango kinashuka hadi pale pa kuwaka, na wakati huo huo dizeli yenyewe inaleta chaji. Kwa hiyo upakiaji huanza polepole, mita 1 kwa sekunde, mpaka mdomo wa bomba uzame. Na fimbo ya kupimia haiingizwi mara tu bomba linapofungwa. Husubiriwa dakika kadhaa chaji itulie.

Dakika hizo ndizo zinazogombaniwa. Dereva anayelipwa kwa safari huona kila kusubiri ni hasara yake, na mwenye mzigo anayepiga simu kila baada ya muda mfupi humsukuma aruke hatua. Lawama ya haraka hiyo haimwangukii dereva peke yake.

Kwa wavukao ziwa, mchezo ni ule ule kwa kipimo kidogo. Dumu la plastiki hujazwa likiwa chini, si ndani ya boti wala juu ya pikipiki. Faneli ya chuma juu ya dumu la plastiki hukusanya chaji isiyo na pa kwenda. Pipa la chuma lililokaa juu ya mbao kavu nalo liko peke yake, hivyo linahitaji waya wa kuliunganisha na bomba. Umeme ulipokatika kwa saa nyingi Zambia mwaka 2024 kwa sababu ya ukame, jenereta zilikuwa msaada mkubwa. Lakini jenereta inayonguruma hatua chache kutoka kwenye mpira wa petroli ni chanzo cha moto.

Betri za lori nazo si za kuchezea. Agosti 10, 2019, lori la petroli lilianguka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, na zaidi ya 100 walikufa lilipolipuka. Mashuhuda walinukuliwa wakisema mtu alikuwa akijaribu kung'oa betri. Miaka tisa kabla, Julai 2, 2010, kijiji cha Sange, Kivu Kusini, kilipoteza zaidi ya watu 230 kwa lori lililopinduka. Lori likipinduka, kazi ya dereva ni kukata swichi ya betri kama inafikika, kisha kuwaondoa watu upande upepo unakotoka.

Halafu kuna mapipa yanayorudi matupu kutoka Kilwa. Wafanyabiashara huyaona salama kwa kuwa hayana kitu. Pipa lililokwisha petroli lina mvuke uliochanganyika na hewa, na mara nyingi ni hatari kuliko lililojaa. Kifuniko chake hufungwa njiani, na fundi wa kuchomelea haligusi kabla halijasafishwa mvuke wote ukatoka.