Mama Aliniuliza: Sasa ni Lipi la Kweli?

Ninaishi Burumba, Busia, na mpaka wa Uganda nauvuka mara tatu nne kwa wiki kwa ajili ya biashara. Upande huu watu wanne wanajua kwamba navutiwa na wanaume na pia wanawake. Ng'ambo hajui hata mmoja, na sina mpango ajue.

Nimezaliwa Kisauni. Mwaka jana nilimwambia mamangu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, si ulikuwa na mchumba mwanamume? Sasa ni lipi la kweli?"

Yote mawili, Mama. Yule mchumba nilimpenda, sikuwa naigiza. Aliyekuja baadaye alikuwa mwanamke, naye pia nilimpenda. Hili ndilo huwapa watu taabu: wakiniona na mwanamume husema nimepona, wakiniona na mwanamke husema nimeharibika. Wengine hudhani lazima niwe na wawili kwa pamoja. Mimi hata mmoja hunishinda.

Lugha nayo haisaidii. Kwa wanawake wa Pwani shoga ni rafiki wa karibu. Nyanya yangu alikuwa na mashoga zake wa kwenda nao arusini. Mwanamume akiitwa hivyo ni tusi. Tuna msagaji, tuna basha, lakini neno la mazoea la mtu wa jinsia zote mbili hatuna. Mtu mwenyewe tunaye tangu zamani. Basha wangapi wana wake na watoto, mtaa unajua, na mtaa umenyamaza? Kimya hicho humfaa mwanamume mwenye nyumba yake. Binti asiyeolewa hakimfuniki.

Sasa sheria, maana wengi hudhani kujitambulisha tu ni kosa. Hapa Kenya, vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinaadhibu tendo, na kifungo kinaweza kufika miaka 14. Kusema unavutiwa na nani si tendo. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba shirika la kutetea watu kama sisi lilinyimwa usajili kinyume cha Katiba. Na kesi moja ni ya kwetu kabisa: wanaume wawili walikamatwa Ukunda mwaka 2015 wakapimwa sehemu za siri kutafuta ushahidi. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, ikikaa Mombasa, ilisema vipimo vile vilivunja haki zao.

Ukipanda boda boda (jina lenyewe limezaliwa mipakani huku) dakika chache tu mambo yanageuka. Sheria ya Uganda ya Mei 2023 ina kifungo cha maisha, na hukumu ya kifo kwa makosa inayoyaita mazito. "Kueneza" pekee kunaweza kumfunga mtu miaka 20. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliondoa vipengele vichache, kikiwemo kilichowalazimisha watu kuwaripoti wenzao, lakini sehemu kubwa ikabaki. Makala haya, nikiyaandika ng'ambo, yanaweza kuitwa kueneza. Ndiyo maana kabla ya kuvuka nafuta jumbe kwenye simu.

Anayefikiria kusema, mimi nitamwambia asianze na mkutano wa ukoo. Nilianza na mtu mmoja ambaye siri zangu nyingine alikuwa ameshazitunza. Nikasubiri hadi kodi ya nyumba nalipa mwenyewe, kwa sababu nawajua wenzangu waliofukuzwa usiku uleule.

Mama alikaa wiki sita bila kunipigia. Alipopiga aliniuliza kama nimekula, akanisimulia ya majirani wote, kisha akashusha sauti. "Na sasa hivi uko na nani, mume au mke?"

"Sina mtu, Mama."

"Haya. Idi uje, basi. Na uje mapema, kuna viazi vya kumenya."