"Cast off": neno la wafumaji na la mabaharia

Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Umatengo haina mzaha. Mtoto wa Mbinga aendaye shule alfajiri bila sweta hufika akitetemeka, ilhali mwenzake wa Mbamba Bay, takriban kilomita 66 kwa barabara hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hutembea na shati pekee.

Binti anayetaka kumfumia mdogo wake sweta hukuta maelezo mengi ya ufumaji yameandikwa kwa Kiingereza, na mwishoni huamriwa "cast off". Akifungua kamusi ataona kuwa "cast" ni kutupa. Atupe nini, na kazi ya majuma mawili iko mikononi?

Hatupi kitu. Maneno hayo mawili yakishikana huzaa maana nyingine, kama sisi tusemavyo "kupiga pasi" na wala hatumpigi mtu. Kwa mfumaji, "cast on" ni kuanzisha vitanzi vya kwanza juu ya sindano, na "cast off" ni kuvifunga vya mwisho ili kazi isifumuke. Hufumwa vitanzi viwili, kile cha kwanza kikapitishwa juu ya cha pili na kuachiwa. Kisha hufumwa kingine, na hivyo hivyo hadi kibaki kimoja. Hapo uzi hukatwa na ncha yake kupenyezwa ndani ya kitanzi hicho na kukazwa. Wamarekani husema "bind off", na kazi ni ile ile.

Jambo la kuangalia sana ni shingo. Ukifunga kwa kukaza mno, kichwa cha mtoto hakipiti, hata kama sweta lote limefumwa vizuri. Dawa yake ni kufungia kwa sindano nene kidogo kuliko ile uliyofumia.

Ajabu ni kwamba baharia wa meli inayoondoka bandarini Mbamba Bay akiambiwa "cast off" kwa Kiingereza, hufungua kamba ili chombo kiondoke. Mfumaji anafunga, baharia anafungua! Kinachowaunganisha ni kuachia: huyu kitanzi kutoka kwenye sindano, yule kamba kutoka gatini.

Na maana ya tatu tunaivaa. Nguo ambayo mwenyewe ameichoka na kuiacha, Waingereza huiita kwa jina hilo hilo. Sisi twaiita mtumba, na mengi ya masweta yauzwayo sokoni ni ya aina hiyo.